Baji Wako ni Dume au Jike? Anza na Ukingo wa Pua

Kila wiki napokea picha kwenye simu. Ndege mdogo wa kijani au wa buluu, picha imepigwa usiku, ndege kageukia ukutani, na chini yake swali lile lile: "Kaka, huyu dume au jike?" Nami najibu kwa swali: ana umri gani, na pua yake iko wapi hapo? Basi nimeona niandike mara moja, nipumzike.

Mimi pia nilianza kwa kuingizwa mjini. Baji wangu wawili wa kwanza niliuziwa kama pea, muuzaji akiapa kabisa. Nyumbani tukawaita Bwana Harusi na Bibi Harusi. Haikupita miezi mitatu Bwana Harusi akataga yai chini ya kizimba, na Bibi Harusi naye hakukawia. Sidhani kama muuzaji alikusudia kudanganya. Aliona pua yenye buluu kidogo, akasema dume. Kosa hilo ndilo linalowapata karibu wote wanaonitumia picha: wanaona buluu, hawaangalii ukingo wa matundu ya pua.

Ninaposema baji nina maana ya yule kasuku mdogo wa asili ya Australia, mwenye urefu wa sentimita 18 hivi na mkia wake, uzito gramu 30 hadi 40, mistari ya mawimbi mgongoni na vidoa vyeusi kooni. Wa porini ni kijani na njano tu. Hizo buluu, nyeupe na kijivu unazoziona madukani zimetokana na ufugaji, ulioshika kasi Ulaya baada ya John Gould kuwafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Mwanga wa mchana. Saa tatu asubuhi karibu na dirisha ni wakati mzuri. Taa za rangi, hata balbu zile za njano, zinabadilisha rangi ya pua kabisa.
- Simu yenye kamera inayoweza kupiga kitu kwa karibu.
- Kipande cha karatasi nyeupe. Kazi yake nitaieleza.
- Taulo dogo au kitambaa laini, endapo utalazimika kumshika.
- Taarifa yoyote ya umri: lini alitoka kiotani, lini ulimnunua, au pete ya mguuni kama anayo. Pete za wafugaji wengi huwa na mwaka aliozaliwa.
- Subira ya wiki kadhaa. Hiyo haiuzwi dukani, lakini kwa makinda ndiyo nusu ya kazi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni baji

Usicheke, watu wengi hukwama hapa. Ndege mnene, mwenye mkia mfupi, uso wa chungwa au kichwa cheusi na duara jeupe kuzunguka jicho si baji. Huyo ni lavubedi, na aina mbili zinazojulikana sana, ya Fischer na ile ya kichwa cheusi, asili yao ni Tanzania hii hii. Kwa hao dume na jike wanafanana kama shilingi kwa ya pili, na hakuna pua itakayokusaidia. Nenda moja kwa moja hatua ya 7. Kama ndege wako ni mkubwa zaidi, kijani, mkia mrefu na mdomo mwekundu, huyo ni kasuku wa pete shingoni, wale waliojaa bustani za Dubai. Dume wake huota pete nyeusi na ya waridi shingoni, ila huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitatu, kwa hiyo kukosa pete kwa ndege mchanga si ushahidi wa jike.

Hatua ya 2: Kadiria umri

Usiruke hatua hii, maana rangi ile ile ya pua huwa na maana tofauti kwa kinda na kwa mkubwa.

Angalia paji la uso. Kinda ana mistari myeusi inayoshuka utosini mpaka kwenye pua, kama mtu aliyevuta kofia hadi kwenye nyusi. Kati ya miezi 3 na 4 hunyonyoka manyoya kwa mara ya kwanza, na yanapoota mapya paji linabaki safi, njano au jeupe. Kisha angalia jicho. La kinda ni jeusi tii. Kuanzia mwezi wa 4 hivi duara la kijivu huanza kujitokeza kuzunguka mboni, na ndege akifika miezi 8 duara hilo huwa jeupe wazi.

Mistari hadi puani na jicho jeusi: kinda. Paji safi na duara jeupe: mkubwa. Katikati ya hapo, mhesabu kama kinda na usiape kwa mtu.

Hatua ya 3: Mtoe kwenye orodha ya wasumbufu

Baadhi ya baji madume hawaoti pua ya buluu maisha yao yote. Ni hawa:

- Njano tupu mwenye macho mekundu.
- Mweupe tupu mwenye macho mekundu.
- Mwenye mabaka na macho meusi yasiyoota lile duara jeupe hata akizeeka.

Madume wa makundi haya hubaki na pua ya rangi ya waridi au zambarau mpaka wanakufa. Majike wao wana pua za kawaida za majike, nyeupe au kahawia. Kwa hiyo ukimwona ndege wa njano tupu, macho mekundu, pua ya waridi iliyo sawa pande zote, huyo ni dume hata awe na miaka sita. Mabaka peke yake hayatoshi kumweka kwenye orodha hii. Lazima na jicho likose duara.

Hatua ya 4: Soma pua

Hapa ndipo penye kazi. Juu ya mdomo kuna kinundu cha ngozi chenye matundu mawili madogo. Hiyo ndiyo ninayoiita pua. Mwache ndege atulie kwenye fimbo yake, shikilia ile karatasi nyeupe nyuma ya kizimba usawa wa kichwa chake, halafu piga picha kutoka mbele. Karatasi inakupa kipimo cha weupe: pua ambayo ulidhani ni nyeupe, ukiilinganisha na karatasi, mara nyingi utaona ina buluu au waridi ndani yake.

Sasa kuza picha na uangalie mambo mawili, kwa mpangilio huu. Kwanza, je, rangi ni moja pua nzima au kuna pete nyeupe kuzunguka matundu? Pili, rangi yenyewe ni ipi?

*Kwa ndege mkubwa:*

Dume ana pua ya buluu iliyokolea, laini, yenye kung'aa kidogo kama plastiki mpya. Rangi inafika mpaka kwenye ukingo wa tundu bila kupauka.

Jike akiwa tayari kwa kuzaa ana pua ya kahawia, kama karanga zilizokaangwa, mara nyingine nene na yenye mikunjo. Akiwa hayuko katika hali hiyo pua hupauka: rangi ya chai ya maziwa, nyeupe ya chokaa, au buluu hafifu kabisa. Na hii buluu hafifu ndiyo iliyoniponza mimi na Bwana Harusi wangu. Ukiitazama vizuri utakuta kuzunguka kila tundu kuna pete nyeupe, kama chaki imepakwa. Pete hiyo ikionekana, sahau buluu. Ni jike.

*Kwa kinda:*

Hapa watu huchanganyikiwa, kwa sababu mambo yanaonekana kama yamegeuzwa. Kinda dume ana pua ya waridi iliyoingia zambarau, na rangi ni moja kila mahali. Kama umewahi kuchuma zambarau mtini kabla hazijaiva sawasawa, ni rangi ile. Matundu yenyewe yanaonekana yamezama ndani ya rangi hiyo, hayana ukingo wa tofauti.

Kinda jike ana pua ya buluu iliyopauka au weupe wenye buluu kidogo, na zile pete nyeupe kuzunguka matundu. Kwa hiyo mtu akienda dukani akitafuta dume mchanga na kumchagua "yule mwenye buluu buluu," ana nafasi kubwa ya kurudi na jike. Kadiri kinda dume anavyokua, waridi hugeuka buluu taratibu, na kwa muda pua inaweza kuwa na rangi mbili. Usimhukumu katika kipindi hicho.

Ukilazimika kumshika ili uone vizuri, mfunike kwa taulo, mkamate kwa vidole viwili pande za shingo, mgongo wake ukilala kiganjani. Usimbane kifua. Ndege hana kiwambo cha kuvutia pumzi kama chetu. Kifua kisipopanda na kushuka, hapumui, na anaweza kufia mkononi mwako wakati wewe unapanga picha. Sekunde thelathini zinatosha. Akianza kuhema mdomo wazi, mwachie.

Hatua ya 5: Rudia baada ya wiki mbili

Picha moja ni kama kumjua mtu kwa kumwona akipita na basi. Piga nyingine baada ya siku 14, mahali pale pale, saa ile ile, na nyingine tena baada ya hapo. Kwa kinda, fanya hivi mpaka afike miezi 6. Pua inayoelekea kwenye buluu iliyokolea ni ya dume. Inayoelekea kwenye weupe, chai ya maziwa au kahawia ni ya jike. Mwelekeo husema zaidi kuliko picha yoyote moja.

Hatua ya 6: Sikiliza na tazama tabia, lakini usimpe tabia kiti cha hakimu

Dume kwa kawaida ni mpiga soga. Anaimba mfululizo kwa sauti ya chini, anatikisa kichwa juu chini, anagonga mdomo kwenye kengele au kwenye fimbo, anamlisha mwenzake mdomoni, na akiona kioo basi kazi zote zimesimama. Jike ana sauti za mkato, anatafunatafuna karatasi na mbao, anachunguza kila kona yenye giza, na anauma kwa nguvu zaidi. Ukiumwa na baji jike aliyekasirika utajua.

Kujifunza maneno nako ni jambo la madume zaidi. Baji wa California aliyeitwa Puck, dume, aliingia kwenye rekodi za Guinness kwa kujua maneno 1,728. Hata hivyo wapo majike wanaosema maneno mawili matatu, na wapo madume mabubu. Wawili wa jinsia moja wakikaa pamoja hulishana, hupandana, wote. Kwa hiyo tabia ikikubaliana na pua, vizuri. Zikipingana, fuata pua.

Hatua ya 7: Pua ikigoma, kuna njia tatu

*Wazazi.* Hii ni kwa aliyeangulisha mwenyewe. Kama baba ni yule wa macho mekundu (njano tupu au mweupe tupu) na mama ni wa kawaida, kila kinda atakayetoka na macho mekundu ni jike, na ndugu zake wa macho meusi ni madume. Utawatenganisha wakiwa hawana hata unyoya, kwa sababu wekundu wa jicho unaonekana kupitia kope. Sababu ni kwamba rangi hiyo inabebwa kwenye kromosomu ya jinsia, na jike anayo moja tu ya aina hiyo, aliyopewa na baba. Ukigeuza, yaani mama ndiye wa macho mekundu, ujanja huu haufanyi kazi.

*Vinasaba.* Maabara huchukua unyoya uliong'olewa ukiwa na shina lake, au tone la damu, na kusoma jinsia. Manyoya yaliyookotwa chini ya kizimba mara nyingi hayafai, maana hayana chembe hai za kutosha na huenda ni ya ndege mwingine. Kwa baji wa kawaida naona ni gharama isiyo na haja. Kwa lavubedi ndiyo njia ya uhakika. Muulize daktari wa mifugo anayeshughulika na ndege kabla hujang'oa chochote.

*Yai.* Akitaga, kesi imekwisha. Ila asipotaga haina maana kuwa ni dume.

Mambo ya kuacha

Kupapasa mifupa ya nyonga. Kwa njiwa na kwa kuku wapo wanaojua kuifanya. Kwa baji mifupa ni midogo mno, jike asiyezaa hulingana na dume, na vidole vya mtu anayejifunza huishia kumuumiza ndege.

Kuning'iniza pete kwa uzi juu ya ndege uone inazunguka au inayumba. Nimeonyeshwa na mzee mmoja ninayemheshimu sana, na pete yake ilipatia mara moja kati ya mbili, sawa na sarafu.

Kutazama rangi ya mwili. Buluu si ya kiume na njano si ya kike. Ukubwa wa kichwa pia hausemi kitu. Hiyo ni aina ya ufugaji.

Kuweka kasha la kutagia "ili waonyeshe wenyewe." Ukiwa na majike wawili na kasha moja, umewawekea sababu ya vita. Baji majike hupigana kwa ajili ya kasha mpaka damu. Hakikisha kwanza una dume na jike, ndipo kasha liingie.

Yakikukwama

*Pua ya jike wangu ilikuwa kahawia, sasa imekuwa nyeupe yenye buluu. Amegeuka?* Hapana. Ametoka kwenye hali ya kuzaa. Itarudi. Tabaka la kahawia hujimenya lenyewe. Usilibandue kwa kucha.

*Dume wangu alikuwa na pua ya buluu miaka yote, sasa inageuka kahawia.* Hili lichukulie kwa uzito. Kwa dume mkubwa, buluu kugeuka kahawia mara nyingi ni dalili ya uvimbe kwenye korodani, ambao humfanya atoe homoni za kike. Mpeleke kwa daktari, hasa kama anakonda au mguu mmoja umeanza kulegea.

*Pua ina magamba meupe kama sega la nyuki, na mdomo nao.* Hiyo si jinsia, ni utitiri wa usoni. Unatibika, lakini kwa dawa na kipimo cha daktari. Kuna wanaopaka mafuta ya taa. Usithubutu, ndege hujisafisha kwa mdomo, ataimeza.

*Pea yangu imetaga lakini hayaanguliwi.* Hesabu. Jike mmoja hutaga yai moja kila baada ya siku moja hivi, kwa kawaida 4 hadi 6, na huangua baada ya siku 18. Ukikuta mawili mapya ndani ya siku moja, au kasha lina mayai kumi na zaidi, yaelekea una majike wawili. Rudi hatua ya 4 na umtazame upya yule unayemwita baba.

*Jike kajikunyata chini, kajaza manyoya, anasukuma na hakuna kinachotoka.* Yai limekwama. Mpe joto mara moja, chumba kimya, na daktari siku hiyo hiyo, si kesho. Kwa kujikinga, majike wote wawe na kifupa cha ngisi cha kutafuna kizimbani mwaka mzima, wapate madini ya ganda la yai; wa pwani tunakiokota ufukweni bure, kikaoshwa, kikalowekwa kutoa chumvi, kikaanikwa.

*Nimefuata yote na bado sijui.* Basi ana umri chini ya miezi 4, au picha zako ni mbaya. Mpe jina linalofaa pande zote mbili, Baraka au Furaha, na usubiri. Ukinitumia picha, iwe ya mchana, pua ikitazama kamera, karatasi nyeupe nyuma, na umri umeandikwa. Ya usiku sifungui.